Hesabu Pumzi Kwanza: Usiku wa Mgonjwa wa Upasuaji Wodini

Pitia chati za usiku katika wodi yenye shughuli nyingi, uangalie safu ya pumzi. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha mlangoni hadi cha dirishani. Nambari hiyo haikuhesabiwa, iliandikwa tu. Nami niliwahi kuiandika nikiwa sijamaliza mwaka kazini, na mzee niliyemwandikia alikuwa akivuja damu tumboni. Mashine ya presha ilinionyesha nambari nzuri, nikaiamini, nikasogea kitanda cha pili. Alirudishwa thieta alfajiri na alipona. Tangu siku hiyo pumzi nazihesabu mwenyewe, dakika nzima, kabla sijagusa chombo chochote. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo usilisahau.

Nawaandikia wauguzi wachanga wa hapa Mombasa na wanafunzi walio karibu kuhitimu, wale ambao usiku wa kwanza wataachiwa wodi ya upasuaji ya watu wazima na daktari yuko jengo jingine. Maagizo ya daktari na taratibu za hospitali yako ndizo zitakazokuongoza. Haya ni ya kukusaidia kuona mapema, ili uite msaada mapema.

Tumchukue mgonjwa mmoja twende naye hadi asubuhi. Nimemjenga kutokana na wengi niliowauguza. Ni mzee wa miaka 64 kutoka Kisauni, uzito kilo 70. Ngiri yake ilikaba, akapasuliwa jioni kwa dharura, na kipande cha utumbo kikakatwa. Ana presha, na kila siku humeza atenololi. Ana sukari pia. Amefika wodini saa 3 usiku.

Hatua ya 1: Tayarisha kitanda kabla hajafika

Oksijeni ijaribiwe iwe inatoka. Mashine ya kufyonza mate na matapishi iwashwe uone kama inavuta. Weka karibu mti wa dripu, mashine ya presha, kipimo cha sukari, bakuli la matapishi na glovu. Ni kazi ya dakika tano, na ni bora kuliko kukimbilia stoo mgonjwa akiwa anasakamwa.

Hatua ya 2: Usimwachie muuguzi wa thieta aondoke upesi

Kabla hajageuza machela, muulize: amefanyiwa nini hasa? Alilazwa kwa usingizi wa mwili mzima au kwa sindano ya mgongo? Amepoteza damu kiasi gani, na amepewa maji au damu kiasi gani? Mofini (dawa kali ya maumivu) ya mwisho ilikuwa saa ngapi? Antibaiotiki imeshatolewa? Kuna mrija wa kidonda, na umetoa nini mpaka sasa? Kuna dawa inayomdhuru?

Kisha fungueni shuka pamoja, mtazame kidonda, mrija, kanula (kile kimrija cha dripu kilicho mshipani) na mfuko wa mkojo. Soma jina kwenye kitambulisho cha mkononi na ulilinganishe na faili. Kama bendeji ina doa la damu, lizungushie kalamu pembeni na uandike saa. Doa likivuka mstari baada ya nusu saa hutahitaji kubishana na mtu kama limeongezeka.

Hatua ya 3: Mtazame mtu kabla ya mashine

Anza kwa kumwamkia. "Masalkheri mzee wangu, wanisikia? Waitwaje?" Akikujibu sentensi nzima kwa sauti yake ya kawaida, umeshapata habari nyingi: njia ya hewa i wazi, pumzi zinamtosha kusema, na ubongo unapata damu. Akikoroma hali hajaamka vizuri, ulimi umerudi nyuma. Inua kidevu, mlaze ubavu. Ukisikia maji yakichemka kooni, fyonza. Na akijibu neno mojamoja huku akivuta hewa katikati, acha mengine yote, shughulikia pumzi.

Sasa zihesabu. Mtu akijua unamhesabia pumzi, hupumua tofauti. Kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kama unayehesabu mapigo, uuweke juu ya kifua, kisha macho yako yafuate kifua kikipanda na kushuka. Hesabu dakika nzima. Sekunde 15 ukizidisha mara nne, kosa la pumzi moja linakuwa la pumzi nne, na pumzi nne ndiyo tofauti kati ya mgonjwa wa kawaida na mgonjwa wa kuitiwa daktari.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikizidi 20, tafuta sababu. Ikifika 25, usiondoke kitandani bila kumwita mtu. Ikishuka chini ya 10 kwa mgonjwa aliyepewa mofini, hasa akiwa mzito kuamka na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mwamshe kwa nguvu, muamuru avute pumzi, weka oksijeni, mwite daktari na utayarishe naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini.

Kwa nini pumzi hutangulia? Damu inapopungua, viungo vinakosa oksijeni na kuanza kutengeneza asidi. Mwili huihisi asidi hiyo haraka, na ubongo huliamuru pafu litoe hewa chafu kwa kasi ili kusawazisha. Haya yote hutokea wakati presha bado ni nzuri, kwa kuwa mishipa imejikaza kuishikilia. Vivyo hivyo kwa mgonjwa ambaye maambukizi yameingia kwenye damu, na kwa mwenye sukari iliyopanda hadi kutengeneza asidi. Maumivu na hofu nazo huongeza pumzi, ni kweli. Lakini hofu iwe ni jibu la mwisho, baada ya kuyaondoa mengine.

Baada ya hapo ndipo uweke kipima oksijeni kidoleni. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vingi havilitaji. Mwanamke aliyetoka harusini ana hina vidoleni, na piko nyeusi juu yake. Kipimo kile hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nzito huuzuia, kwa hiyo kinaweza kusoma chini au kisisome kabisa. Tafuta kidole kisicho na rangi, au cha mguu, au ndewe la sikio. Mkono ukiwa wa baridi, upashe joto kwanza. Pia ujue kwamba kwenye ngozi nyeusi chombo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Kikikuambia 94 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa. Kwa wengi tunataka 94 hadi 98 kwa mia. Mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, wa wale waliovuta sigara miaka mingi, mara nyingi daktari humwekea lengo la 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi mno inaweza kumpunguzia pumzi.

Mapigo yahesabu kwa vidole vyako, hata kama mashine imeshayasoma. Mashine haikuambii kama yana nguvu au ni membamba kama uzi, wala kama yanaruka. Kawaida ni 60 hadi 100. Mzee wetu ana 82, na wengi wangefurahi. Mimi sifurahi, kwa sababu anameza atenololi. Dawa hiyo huufunga moyo usikimbie, na mgonjwa wa namna hii anaweza kupoteza damu nyingi mapigo yake yakabaki 80 na kitu. Kila mgonjwa wa presha muulize anatumia dawa gani, na kama ni za jamii hiyo liandike kwa herufi kubwa juu ya chati.

Kisha mguse. Mombasa, hasa miezi ya kaskazi, kila mtu wodini anatoka jasho: mgonjwa, jamaa zake na wewe mwenyewe. Jasho peke yake halina maana. Weka mgongo wa mkono wako kwenye paji la uso, halafu kwenye miguu. Jasho la joto la hewa huja na ngozi yenye moto. Jasho baridi, ngozi ya kunatanata, miguu baridi hadi magotini usiku wenye joto kama ule, hiyo ni damu iliyokimbilia viungo vya ndani. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 5 kisha uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikiwa kuna hina, bonyeza juu ya mfupa wa kifua. Weupe wa kupungukiwa na damu utafute ndani ya kope la chini, ulimini na kiganjani. Rangi ya kukosa oksijeni itafute ulimini na ndani ya midomo. Ukingoja ngozi nyeusi igeuke buluu usoni, umechelewa.

Presha ipime mwisho katika kundi hili, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuanguka. Mkono ulale usawa wa moyo, na mkanda uwe wa kumtosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hukupa presha ya juu isiyokuwepo, na presha ya juu ya uongo huficha mshtuko wa kweli, yaani hali ya viungo kutofikiwa na damu ya kutosha.

Halafu akili: anakujua, anajua yuko wapi? Kuchanganyikiwa kulikoanza leo ni dalili ya hatari kama presha iliyoanguka. Jamaa ndio mashahidi wako. Binti yake akisema, "Baba siye huyu, hasemi hivi," muamini. Kwa mgonjwa aliyelegea zaidi tumia kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile kilichotolewa na Teasdale na Jennett mwaka 1974. Alama zinaanzia 3 hadi 15, na aliye na 8 au chini yake mara nyingi hawezi kuilinda njia yake ya hewa mwenyewe. Na kila aliyebadilika akili apimwe sukari hapohapo. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa hawezi kumeza au hatakiwi kula, sukari ipitie mshipani kama ilivyoagizwa. Usimtie kitu mdomoni.

Mwisho mfunue, kwa stara. Vuta pazia, mwache ajifunike leso juu na chini, ufungue sehemu unayoitazama tu. Kwa mwanamke, aitwe muuguzi mwanamke kama yupo. Ninasisitiza kufunua kwa sababu ya leso hiyohiyo. Mama zetu wana mazoea ya mkaja, na nimeona mara nyingi jamaa amemfunga mgonjwa leso ya kukaza juu ya kidonda cha tumbo "tumbo lisimwagike". Usiwakaripie, wamefanya kwa mapenzi. Waeleze kwamba leso ikikaza pumzi hazishuki hadi chini ya mapafu, na kwamba damu inaweza kuwa inajaa chini yake bila mtu kuona. Ifungue, tazama, umwonyeshe badala yake namna ya kukumbatia mto anapokohoa. Mrija wa kidonda nao usikudanganye. Mrija mkavu hauna maana kwamba ndani ni pakavu. Huenda damu imeganda na kuuziba.

Hatua ya 4: Yasikilize maneno yenyewe

Mgonjwa hasemi kama kitabu. Akisema "nasikia kisunzi" kila akiinua kichwa, huenda damu au maji hayamtoshi. "Roho yanipapa" ni moyo unaokwenda mbio au usiokwenda sawa. "Kichomi" ubavuni kinachozidi akivuta pumzi kinaweza kuwa nimonia, na kikija ghafla baada ya siku kadhaa za kulala, pamoja na pumzi fupi, fikiria donge la damu lililosafiri hadi mapafuni. "Chango" ni neno pana mno. Mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja panapouma, na akueleze kama maumivu huja na kwenda au hayaachi.

Kuna neno moja ambalo sikubali lipite. Mgonjwa anapokuambia kwa utulivu, "Sista, mimi leo sifiki asubuhi," usimjibu kwa kumliwaza ukaenda zako. Kaa, anza upya Hatua ya 3. Hisia hiyo ya kifo kinachokaribia imeandikwa kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, wa donge la damu mapafuni na wa kuvuja damu, na wale walioniambia hivyo wengi walikuwa na sababu.

Baada ya upasuaji wa utumbo lazima pia uulize kama ametoa upepo. Wauguzi wachanga huona haya, na wazee huona haya zaidi. Muulize kwa sauti ya chini, umevuta pazia: "Baba, upepo umeanza kukutoka kwa chini?" Akisema bado, tumbo linazidi kujaa na anatapika, utumbo haujaamka au umeziba.

Kuhusu maumivu, tuna kipimo cha 0 hadi 10, nami nakitumia. Lakini wanaume wengi watakwambia "kidogo tu" huku wameshika ukingo wa kitanda. Muulize kwa vitendo: aweza kukohoa? Aweza kugeuka? Kama hawezi kukohoa kwa maumivu, dawa haijatosha, na makohozi yanayobaki ndani ndiyo nimonia ya keshokutwa. Na maumivu yanayozidi hata baada ya dawa yana jambo. Kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, mguu umekaza kama ubao na analia ukimnyoosha kidole cha mguu, usimwongezee dawa ukalala. Misuli inabanwa ndani ya ala yake, na ikipita saa chache hufa. Legeza bendeji, mguu uwe usawa wa moyo, mwite daktari sasa hivi.

Hatua ya 5: Zisome nambari kwa mfuatano

Mgonjwa aliyetoka thieta mpime kila dakika 15 saa ya kwanza, kila nusu saa saa ya pili, kila saa kwa saa nne, kisha kila saa nne akiwa ametulia. Hospitali nyingine zina ratiba yake, fuata hiyo. Mkojo pima kila saa. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, hivyo mzee wetu wa kilo 70 atoe 35.

Tazama usiku wake ulivyokwenda.

Saa 3 usiku: pumzi 18, oksijeni 97, presha (nambari yake ya juu) 132, mapigo 82, mkojo 45.
Saa 5 usiku: pumzi 22, oksijeni 96, presha 118, mapigo 84, mkojo 30.
Saa 7 usiku: pumzi 26, oksijeni 95, presha 104, mapigo 86, mkojo 15.

Kila nambari ya saa 5 ukiitazama peke yake unaweza kuitetea. Presha 118 ni nzuri kuliko ya wengi wetu. Mapigo 84 hayana neno. Lakini zisome kuelekea chini: pumzi zapanda, presha yashuka, mkojo wapungua, na mapigo yamefungwa na atenololi. Kabla hujaukubali mkojo mdogo, hakikisha katheta, yaani mrija wa mkojo, haikukunjika wala mgonjwa haulalii mrija wake. Ukiona i sawa, basi figo hazipati damu.

Alama za NEWS2, za kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, zilizotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2017, husaidia kuyapa haya sauti. Kila kipimo kina alama 0 hadi 3. Saa 3 mzee alikuwa na 0. Saa 5, pumzi 22 zilimpa 2. Saa 7, pumzi 26 zina 3, oksijeni 95 ina 1, presha 104 ina 1, jumla 5. Alama 5 au 6 zinataka daktari aje haraka, 7 na zaidi ni dharura, na kipimo kimoja chenye 3 peke yake kinatosha kumwita mtu. Angalia sasa: aliyeandika pumzi 20 bila kuhesabu angepata alama 2 saa 7 usiku, akaendelea na kazi nyingine. Lakini alama nazo zisikufunge. Kama saa 5 moyo wako haujatulia, ita saa 5.

Hatua ya 6: Piga simu ukiwa na maneno yako tayari

Daktari aliyeamshwa hatakiwi kukisia. Sema wewe ni nani na unamwitia nini, halafu historia kwa ufupi, halafu ulichokiona, halafu unachokitaka. Hivi:

"Daktari, ni mimi muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Nakupigia kwa mzee wa kitanda cha 7, nadhani anavuja damu ndani. Alipasuliwa jioni kwa ngiri iliyokaba, utumbo ukakatwa. Ana presha, yuko kwenye atenololi. Tangu saa 3 pumzi zimetoka 18 hadi 26, presha kutoka 132 hadi 104, mkojo saa hii ni 15. Mapigo ni 86 lakini ana atenololi. Miguu ni baridi, tumbo limejaa zaidi. Naomba uje umwone sasa. Nianze maji kiasi gani, na nitoe damu ya kupima kundi?"

Akikupa agizo, lirudie kwa sauti, uliandike na saa yake. Kama haji, piga tena, kisha mpigie aliye juu yake. Hilo haliitwi utovu wa adabu. Andika kila saa uliyopiga.

Unaposubiri, usimwache peke yake. Mlaze chali, oksijeni kama iko chini ya lengo, kanula ya pili nene, namba 16 au 18, damu ya kupima himoglobini na kundi, sukari. Mfunike asipate baridi, kwa kuwa damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, hata Mombasa. Asile wala asinywe. Mzee wetu alirudi thieta saa 8 usiku, mshipa uliokuwa ukivuja ukafungwa.

Akirudi na damu ikaagizwa, wauguzi wawili wasome jina, nambari na kundi kitandani, siyo mezani. Mpime kabla, kaa naye dakika 15 za kwanza, kwani madhara makubwa mara nyingi huanza humo: baridi ya kutetemeka, maumivu ya kiuno, kuwashwa, pumzi kubana. Ukiona lolote kati ya hayo, simamisha damu kwanza, maswali baadaye. Mfuko uishe ndani ya saa 4, na mrija wake usipitishe kitu kingine ila salini ya kawaida, yale maji ya chumvi.

Dripu ihesabu, usiikadirie. Lita moja kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, ni matone 42 kwa dakika. Na potasiamu haisukumwi mshipani kwa sindano, kamwe. Huusimamisha moyo.

Hatua ya 7: Siku zinazofuata

Mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45 presha ikiruhusu. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kumi, kisha akohoe akiwa amekumbatia mto. Siku ya pili akae kwenye kiti, atembee hata hatua tano. Asiyeweza kujigeuza mgeuze kila saa mbili, utazame visigino, nyonga na chini ya mgongo. Shuka lililolowa jasho hulainisha ngozi ikachubuka upesi, kwa hiyo tuliandame sana hili miezi ya joto. Linganisha mashavu ya miguu, nyuma yake chini ya magoti. Mmoja ukivimba, ukapata moto na kuuma, usimkande, mwite daktari.

Homa ya siku mbili za kwanza nasikiliza mapafu. Baada ya hapo natazama mkojo na pale kanula ilipoingia, na kuanzia siku ya tano natazama kidonda. Kidonda cha tumbo kikitoa maji ya rangi ya waridi ghafla kati ya siku ya 5 na ya 10, kaa macho, mshono unaweza kuwa unaachia ndani. Utumbo ukitoka usiurudishe. Funika kwa gozi (kitambaa cha bendeji) safi ya thieta iliyoloweshwa salini, mkunje magoti, asile, mwite daktari wa upasuaji.

Chakula ni mlango ambao jamaa huingilia, na waingie. Wanavuka feri kutoka Likoni na hotipoti mkononi. Chungulia kilicho ndani kabla hakijaliwa, kwa upole. Uji mwepesi huenda umeruhusiwa, mahamri na mbaazi bado. Dafu ndilo linalonihangaisha zaidi. Watu wanaamini ni dawa, na kwa wengi halina ubaya, lakini lina potasiamu nyingi, na kwa mgonjwa ambaye figo zimelala potasiamu hiyo huupiga moyo. Tende pia. Mwambie mke wake sababu, usimwambie "hairuhusiwi" tu. Ramadhani mgonjwa wa sukari anaweza kukuficha kwamba amefunga. Muulize kabla ya kumpa insulini. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wengi wakikumbushwa na imamu wao hukubali upesi kuliko wakikumbushwa na sisi.

Hatua ya 8: Kukabidhi zamu

Saa 1 asubuhi usikabidhi ukiwa umekaa mezani. Nendeni kitandani wawili. Mtaje kwa jina, mwambie mgonjwa nani anakuja kumwangalia. Toa safu ya nambari za usiku, siyo ya mwisho pekee. Mwonyeshe mwenzako doa lililozungushiwa kalamu, mrija na kilichotoka, kanula na siku iliyowekwa, mkojo wa usiku mzima na dripu iliyobaki. Taja dawa ambayo haikutolewa na sababu yake. Rudia la atenololi.

Kisha mshike mzee mkono, mwenzako auweke juu ya kifua, na mhesabu pumzi wote wawili, dakika nzima, kimoyomoyo. Mkipata nambari tofauti, hesabuni tena.